Hidaya Mbili

Baada ya kusomesha jiografia kwa miaka 34, na kustaafu kwa heshima na kwa kiinua mgongo ambacho kiliisha mapema kuliko heshima, nilikuwa nimekwisha kuamini ya kwamba hakuna elimu ya mbingu wala ya nchi ambayo itaingia tena ua wa nyumba yangu bila ya kupiga hodi; lakini mwezi wa Julai mwaka 2023 mpwa wangu, ambaye anafanya kazi Muscat, na ambaye kwa hisani yake hupenda kunikumbuka kwa vitu nisivyoviomba, aliniletea kwa mkono wa msafiri sanduku lenye chombo cha kupimia hali ya hewa nyumbani, na juu ya sanduku hilo alikuwa ameandika kwa kalamu nene: "Hidaya kwa Mjomba."

Ndani yake mlikuwa na vikombe vitatu vya plastiki vya kuzungushwa na upepo, mshale wa kuonyesha upepo unakotoka, kipimajoto kilichofichwa katikati ya visahani vyeupe vilivyopandana kama sahani za karamu ya arusi, faneli ya kupokea mvua, kibao cheusi cha kuvuna nguvu za jua, na kioo cha kusomea ambacho hukaa juu ya meza ndani ya nyumba na kupokea habari zote za nje kwa mawimbi ya redio, bila ya waya. Mke wangu alivitazama vitu hivyo kimoja kimoja, akauliza kama kuna hata kimoja kinachopika. Nilipomweleza ya kwamba chombo hiki kitatuarifu kama nje kuna joto, alisema ya kwamba kwa habari hiyo yeye hutumia mlango.

Kitabu cha maelekezo kilikuwa kimeandikwa kwa lugha sita, na Kiswahili hakikuwamo. Kwa lugha zote sita, walakini, kilitaka mambo ambayo hayapatikani Ngamiani, mtaa wetu wa Tanga. Kilitaka faneli ya mvua iwe mbali na kila kizuizi kwa masafa yasiyopungua mara mbili ya urefu wa kizuizi hicho. Kilitaka kipimajoto kiepushwe na kuta, mapaa na sakafu ya saruji. Kilitaka vikombe vya upepo viinuliwe mita 10 juu ya ardhi tambarare isiyo na miti. Ua wangu una hatua 11 kwa 9, na ndani ya hatua hizo mna jiko la nje, choo, banda la kuku, pipa la maji na nusu ya mwembe wa jirani, ambao shina lake ni lake na majani yake ni yetu. Na pande zote nne tumezungukwa na mapaa ya mabati ambayo saa saba mchana hutoa joto la kuoka mkate. Aliyekiandika kitabu kile, nadhani, alizaliwa na kulelewa katika kiwanja cha ndege.

Hata hivyo nilimwita fundi wa kuchomelea, akanitengenezea bomba la chuma la mita 4, tukalisimamisha katikati ya ua kwa zege, na mjukuu wangu, kijana wa miaka 11 mwepesi kama tumbili, akakwea ngazi na kukifunga chombo juu yake. Kazi haijakauka saruji, akapita nahodha.

Nahodha huyu ni jirani yangu, nyumba ya tatu kutoka kwangu, mzee aliyeendesha majahazi baina ya Tanga, Pemba na Lamu tangu ujana wake hata magoti yalipomkatalia, na ambaye kuhusu hewa hana desturi ya kupokea habari, bali ya kuzitoa. Alisimama mlangoni, mikono nyuma, akalitazama bomba lile tangu chini hata juu. "Mwalimu," akasema, "mji wenyewe ni Tanga, nawe umesimamisha mlingoti usio na tanga. Unakwenda wapi?"

Nilimkaribisha, nikamketisha mbele ya kioo, nikamwonyesha kwa fahari joto, unyevu, na mwisho upepo, ambao mshale wake mdogo kiooni ulikuwa ukionyesha ya kwamba unavuma kutoka kaskazini. Nahodha akauliza tarehe. Nikamwambia ni Julai 16. Akatoka nje, akageuza uso wake huku na huku kama mtu anayetafuta harufu ya pilau, akarudi, akaketi, akasema kwa upole mkubwa: "Kama huu ni kaskazi, basi mimi ni abiria."

Msomaji wa pwani hahitaji kuambiwa uzito wa kosa lile. Kaskazi ndiyo iliyowaleta wageni wetu kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi, nayo huvuma tangu mwisho wa mwaka hata kiasi cha mwezi wa Machi. Kusi ndiyo iliyowarudisha kwao, nayo mwezi wa Julai huwa katika nguvu zake zote, na mtoto asiyejua alifu wala bee huijua kwa jinsi inavyompeperushia tiara lake. Lakini nyumbani kwangu, peke yake katika pwani nzima ya Afrika ya Mashariki, kaskazi ilivuma katika msimu wa kusi kwa siku 19, na mimi niliyewafundisha watoto wa watu sababu za pepo za misimu nilikuwa nikiiandika katika daftari kila asubuhi.

Siku ya 20 mjukuu wangu aliuliza: "Babu, hii herufi N pembeni mwa kioo ni ya nini?" Hapo ndipo nilipofungua ukurasa wa 14, ambao nilikuwa nimeuruka kwa kujiamini. Watengenezaji, wakiwa watu wa kaskazini ya dunia, walikusudia kibao cha jua kielekezwe kusini, kwa kuwa huko kwao jua la adhuhuri huinamia kusini. Na aliye upande wetu wa ikweta hutakiwa akigeuze chombo kizima kielekee kaskazini, kisha akiambie kioo, kwa kubadili herufi moja tu, ya kwamba amekigeuza. Mimi, mtu wa digrii 5 kusini ya ikweta, nilikigeuza kwa ujuzi. Kukiambia sikukiambia, kwa maana mpwa wangu, kwa wema wake, alikuwa amekwisha kunitengenezea kila kitu kule Muscat, ambako ni kaskazini kabisa ya ikweta, pamoja na saa yao, ambayo inatutangulia kwa saa moja, hata nikawa nimeswali adhuhuri mara mbili kabla ya wakati. Siku ile tulibadili herufi, kusi ikarudi nyumbani kwangu, na nahodha alipoletewa habari alisema tu ya kwamba imechelewa, lakini njiani mna mambo.

Nilidhani mambo yamekwisha, kumbe ndiyo yalikuwa yakivaa viatu. Kioo kile kina pembe moja yenye picha za kutabiri: jua, jua na wingu, wingu zito, wingu lenye matone, na hata theluji, ambayo kwa Tanga ni adabu tu ya mtengenezaji. Ikawa kila siku, jua likiwaka na mbingu ni safi kama sinia iliyosuguliwa kwa majivu, ikifika kama saa tisa na nusu alasiri picha ya wingu lenye matone hutokea. Mke wangu, ambaye siku za kwanza alikuwa na imani na chombo kuliko alivyokuwa nayo kwa mwenyewe, alikimbia kuanua nguo, kuingiza mpunga na kufunika kuni, mvua isinyeshe, na usiku, kabla ya kulala, kioo huomba radhi kwa picha ya jua. Imani yake ilidumu siku tisa. Baada ya hapo akawa huweka chungu juu ya kioo.

Wakati huo Nairuzi ilikuwa imepita karibuni, na nahodha, kama mabaharia wote wa zamani, huihesabu miaka ya jua kwa makumi ya siku, miongo, tangu Nairuzi moja hata nyingine, na kwa hesabu hiyo hujua wakati wa kusafiri na wakati wa kukokota chombo pwani. Akawa kila alasiri akipita huuliza kwa sauti ya watu wote kusikia: "Mwalimu, leo ni mwongo wa ngapi?" Nami kwa taadhima humhesabia: leo mwongo wa kwanza, leo tumeingia mwongo wa pili. Siku ya nne ndipo nilipotanabahi ya kwamba hakuwa akiuliza tarehe.

Uchungu wa neno lile ulinifanya nirudie kuwa mwanafunzi. Kwa muda wa siku saba niliandika uzito wa hewa kila saa, mchana na usiku, kwa saa yangu ya kuamshia, ambayo iliamsha nyumba yote isipokuwa mimi. Na siku zile saba zilipokwisha, niliunganisha nukta kwa mstari, nikaona jambo ambalo nilikuwa nimelisoma zamani na kulisahau. Katika nchi za joto uzito wa hewa hupanda na kushuka mara mbili kwa siku: hufika juu kama saa nne asubuhi na saa nne usiku, na hufika chini kama saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri, na tofauti yake haizidi milibari mbili tatu. Jua huipasha moto hewa ya juu, na hewa nzima huitikia kwa mawimbi yanayoizunguka dunia pamoja na jua. Katika nchi za baridi mwendo huu ni mdogo sana, humezwa na dhoruba zao. Na chombo kilichofundishwa huko kwamba uzito ukishuka mvua yaja, kikiletwa Tanga hutabiri mvua kila alasiri, kama mgeni anayedhani kila mlio wa ngoma ni vita.

Nilimpelekea nahodha mstari wangu barazani. Aliutazama muda mrefu, kahawa ikampoa mkononi. Akaufuata kwa kidole, ukipanda, ukishuka, ukipanda, ukishuka, akasema kwa sauti ambayo sijaisikia kwake tena: "Kumbe hata hewa hujaa na kupwa." Kisha akataka kujua kama ina bamvua na maji mafu, nami nikasema sijui, naye akafurahi zaidi.

Habari za kunguru sitazirefusha. Ndege hawa wa shingo ya kijivu, ambao waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili wale taka, na ambao tangu hapo wamekula kila kitu isipokuwa taka, waliifanya faneli yangu kuwa hodhi. Nilipotia waya wenye miiba, walifurahi kupata mahali pa kukwaruzia migongo.

Jambo la Jumamosi ndilo lililoniaibisha. Kaskazi ilipoingia kwa kweli, mwezi wa Januari, jua kali, vumbi, visima vikilalamika, chombo kilianza kupima mvua ya milimita 6.4, mara 5.8, mara 7, na siku zote siku ya Jumamosi, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Ardhi ya ua ilikuwa kavu. Mtu mwenye akili timamu angetazama juu; mimi nilichukua kalamu. Niliandika kurasa nne juu ya mvua ndogo za Jumamosi, nikieleza jinsi mvuke wa bahari, ukisukumwa kuelekea milima ya Usambara, unavyoweza kudondosha manyunyu membamba yanayokauka kabla ya kugusa nchi. Na kwa nini yachague Jumamosi, niliahidi kulieleza katika sehemu ya pili.

Kabla ya sehemu ya pili nilikaa nyumbani Jumamosi moja kwa sababu ya mafua. Nikaona mke wangu akitoka na beseni la nguo, akifungua kamba iliyofungwa mwisho mmoja katika mwembe na mwisho wa pili, kwa fundo zuri la kibaharia, katika mlingoti wangu; na kwa kila shuka aliyoitundika na kuikung'uta, mlingoti ulitikisika. Ndani ya faneli mna kijiko cha vikombe viwili, mfano wa pembea ya watoto: kikombe kimoja kikijaa maji hupinduka na cha pili hushika zamu, na kila pinduko huhesabiwa milimita 0.2. Pembea, hata hivyo, haijui kama imepinduliwa na maji au na shuka ya vitanda viwili. Mapinduko 32 ni milimita 6.4. Nilimwambia mke wangu, kwa sauti ya mtu aliyepoteza kurasa nne, ya kwamba yeye ndiye anayeninyeshea mvua. Akajibu bila ya kugeuka: "Basi Jumamosi ijayo fua wewe, tuone kama utanyesha." Nilimwuliza ni nani aliyemfundisha fundo lile. Alikuwa ni nahodha.

Kwa haki ya Mungu, si kila mara chombo kilishindwa. Mwezi wa Machi, tulipokuwa tukingojea masika, nahodha alisema mbele ya watu wa baraza ya kwamba mvua ya kwanza itaanguka siku ya Ijumaa. Nami, kwa kuutazama unyevu na upepo uliokwisha kuanza kuyumba, nikasema Alhamisi. Hatukuwekeana kamari, maana nahodha ni mcha Mungu na mimi sina fedha. Tuliahidiana tu ya kwamba atakayekosa atawanywesha wenziwe kahawa na kashata kwa wiki moja. Mvua ikaja Alhamisi saa tatu usiku, mvua ya haki, ikapiga mabati hata tusisikizane, na kioo kikaandika milimita 22.6 chini ya jina la Alhamisi. Nilishinda njiani nikipiga hatua fupi za mshindi, nikalikuta baraza limejaa na nahodha amekwisha kuagiza kahawa kwa hesabu yangu.

"Mvua ilinyesha saa ngapi?" akauliza. Saa tatu usiku. "Usiku wa nini?" Hapo ulimi wangu ukaniganda. Kwa Mswahili siku huanza jua linapokuchwa, na usiku ule uliofuata mchana wa Alhamisi ni usiku wa Ijumaa, na hakuna mzee hata mmoja barazani ambaye angekubali kuuita vinginevyo kwa ajili ya kumfurahisha mtengenezaji wa plastiki. Nilileta hoja ya usiku wa manane, ambapo chombo hubadili tarehe. Wakauliza ni nani awezaye kuuona usiku wa manane. Nikaleta hoja ya shule, ambako tulikuwa tukisoma kipimamvua saa tatu asubuhi. Wakasema vema, basi mvua hiyo ilisomwa lini? Ilisomwa Ijumaa. Mwuza kahawa, ambaye alikuwa na maslahi yake katika hukumu, alitoa fatwa ya kwamba sote wawili tumesema kweli na kwa hiyo sote wawili tulipe, na wiki mbili zile zilikuwa za baraka sana kwake.

Kisha ikaja Mei ya mwaka 2024. Kwa mtu aliyesomesha jiografia, vimbunga ni vitu vya Madagaska na Msumbiji. Karibu na ikweta nguvu ya mzunguko wa dunia inayoupindisha upepo ni hafifu, na kwa hiyo pwani yetu si njia yao. Si njia yao, lakini si haramu kwao: mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaangusha mikarafuu na kuvunja vyombo, na nahodha huisimulia habari hiyo, aliyoipokea kwa wazee wake, kana kwamba yeye mwenyewe alishika kamba. Sasa redio zikatangaza tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ya kwamba kimbunga kinaijia pwani ya Tanzania, na jina lake ni Hidaya.

Mke wangu alilisikia jina hilo, akaligeukia sanduku la mpwa wangu juu ya kabati, lenye maandishi yake ya kalamu nene, asiseme neno.

Mimi nilifurahi kwa furaha ambayo naona haya kuikiri. Miezi kumi nilikuwa nimepima shuka na kunguru. Sasa ulikuwa unakuja upepo wa kupimwa. Usiku ule wa kuamkia tarehe 4, ambayo ndiyo siku kimbunga kilipokifikia kisiwa cha Mafia, nilifunga madirisha mapema, nikatoa chungu juu ya kioo, nikaweka mbele yangu taa, daftari, kalamu mbili na chupa ya chai, nikaketi kama mwandishi wa kadhi. Nje nilisikia miti ikivuma na vitu vikigongana. Kioo kikasema: upepo sufuri. Baada ya nusu saa, upepo sufuri. Joto digrii 28.6, halibadiliki hata kidogo, mvua hakuna.

Saa sita usiku nilimpigia simu nahodha, kama mtu mwenye dhamana ya mtaa. "Nahodha, lala bila wasiwasi. Ni shwari kabisa."

"Mwalimu," akasema, na nyuma ya sauti yake palikuwa na mlio kama wa sinia zinazobiringika, "bati la jiko langu limeondoka sasa hivi bila kuaga."

Nilimweleza ya kwamba kati ya nyumba na nyumba huweza kutokea vipepo vya kienyeji visivyo na maana katika hesabu. Alikata simu. Nikaandika: shwari. Saa nane, shwari. Saa tisa tawi la mwembe lilianguka juu ya banda la kuku, na kuku wakalitangaza jambo hilo kwa muda mrefu. Nikaandika: shwari, na kuku wamesumbuka.

Saa kumi alfajiri mke wangu aliamka kwa sala yake ya usiku, akanikuta sebuleni, macho mekundu, kalamu mkononi.

"Bwana, unasoma nini?"

"Upepo."

"Upepo wa wapi?"

"Wa nje, mama. Ni sufuri."

Akanitazama kwa huruma ambayo katika ndoa ya miaka 41 nimeiona mara tatu. "Chombo si kiko uvunguni," akasema. "Alasiri ulipokuwa msikitini nilimwambia mtoto akakiteremshe. Redio walisema kila kinachoweza kupeperuka kiwekwe ndani. Nimekifunga vizuri kwa kanga mbili. Kitu cha hidaya hakiachwi nje kikanyeshewa."

Nilikwenda chumbani kwa taa. Kilikuwapo kweli, kati ya mkeka wa Idi na sanduku la vyombo vya udongo, vikombe vyake vitatu vimetulia ndani ya kanga, kikipima kwa uaminifu na bila ya kosa hali ya hewa ya uvunguni: joto digrii 28.6, upepo sufuri, mvua hakuna.

Asubuhi nahodha alikuja kutafuta bati lake, akalipata uani kwangu, limeegemea mlingoti mtupu. Aliomba aone daftari. Alisoma ukurasa wa usiku ule mstari kwa mstari, akipanguza miwani, kisha akaomba kalamu, akaniambia ya kwamba katika kitabu cha safari nahodha hafuti alichokwisha kuandika, hata kama ni aibu, bali huongeza mahali alipokuwa. Na kwa hiyo mpaka leo, katika safu ya mahali pa kipimo, ambako kurasa nyingine zote zimeandikwa "Ngamiani, uani", ukurasa wa tarehe 4 Mei umeandikwa kwa mkono wangu, yeye akisimamia: "Ngamiani, uvunguni, upande wa mama."